Bangili Isiyouza Kitu

Kwa mara ya nne asubuhi hiyo Sekela alirudisha rekodi nyuma, na kwa mara ya nne hakusikia jina la bidhaa yoyote. Alisikia kichanga kikilia. Alisikia mwanamke akikibembeleza. Kisha ikaingia sauti ya tatu, ya bibi mtu mzima, yenye mikwaruzo ya kupendeza, sauti iliyopikwa maabara na vijana wanaolipwa vizuri.

"Pole, mwanangu. Analia tena? Na umetoka kumnyonyesha sasa hivi tu."

Basi. Baada ya hapo kimya, na mtoto akiendelea kulia ndani ya kimya hicho.

"Jamani, huyu anauza nini?" Sekela alifoka peke yake, akavua hedifoni na kuzibwaga mezani.

Alikuwa mkaguzi wa Baraza la Matangazo, hapo Dodoma, na kazi yake kwa maneno mepesi ilikuwa kukamata waongo. Zamani ilikuwa kazi rahisi. Kabla ya Sheria ya Kujitaja, mabango ya mjini yalikuwa yanakutazama usoni, yanakuita kwa jina lako na kukuuliza kwa nini hukununua viatu ulivyovitazama jana. Wananchi walichoka. Bunge likapitisha sheria: tangazo lolote, kabla halijasema neno, liseme kwamba lenyewe ni tangazo na limtaje anayelilipia. Watu walishangilia barabarani. Makampuni yalilia kama yamefiwa, kisha yakajifuta machozi na kwenda kutafuta tundu la kupitia.

Tundu lenyewe lilikuwa bangili. Kampuni iliyoitwa Kiambaza iliigawa bure kwenye wodi za wazazi, bangili laini ya rangi ya kahawia inayokaa mkononi mchana na usiku. Ilipima mapigo ya moyo ya mama, ilisikia kilio cha mtoto, ilikumbusha tarehe za kliniki, na ilizungumza. Waliiita Mlezi. Mwanamke aliyejifungua akiwa mbali na mama yake alipata mtu wa kumwambia namna ya kumkanda mtoto, lini anywe supu, lini alale. Na juu ya boksi lake palikuwa na maandishi makubwa: Mlezi haiuzi kitu.

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomkera Sekela kuliko uongo wote aliowahi kuukamata.

Maziwa ya kopo yaliuzwa na watu wengine kabisa, dukani, kwenye makopo ya bluu yaliyoandikwa Shibe, yakiwa yamejitaja kama sheria inavyotaka. Hakuna karatasi iliyoonyesha Shibe na Kiambaza kuwa na undugu wowote. Ila kila mtaa uliopata bangili, baada ya wiki chache, makopo ya bluu yaliisha madukani.

Bwana Kihwelo, wakili mkuu wa Baraza, alichungulia mlangoni akiwa na kikombe cha chai. Ni mzee mpole mwenye sauti ya chini, na kesi mbili alizoshindwa na Kiambaza zilikuwa zimemzeesha zaidi.

"Vipi, binti? Umempata?"

"Nimempata, mzee, halafu sijampata. Hebu tazama mwenyewe."

Ukutani Sekela aliwasha Chujio, programu iliyosikiliza kila sentensi ya bangili na kuipaka rangi. Kijani kwa sentensi ya msaada, njano kwa faraja, nyekundu kwa sentensi inayomtia mtu shaka juu ya nafsi yake. Kwenye rekodi ya mzazi namba kumi na saba, siku za mwanzo zilikuwa kijani tupu, kama shamba la mpunga. Bangili ilimpa mama huyo kila alichohitaji na haikukosea hata mara moja. Baadaye, alipokwisha kuiamini, nyekundu zilianza kuchomoza, moja moja, na daima mapigo ya moyo wake yalipoonyesha kuwa amechoka na yuko peke yake.

"Ukimsikilizisha hakimu sentensi moja, atasema ni bibi anampa pole mjukuu," Sekela alisema. "Ukimpa wiki nzima, atasema hivyo hivyo. Ujanja wao unaonekana ukitazama arobaini yote, tangu siku ya kwanza hadi mama anapotoka ndani."

"Na zile rekodi nyingine?"

"Zimekatika zote."

Mahakama iliwaruhusu kuchukua kwa siri rekodi za bangili kadhaa, bila majina, namba tu, na sauti za wazazi zikiwa zimegeuzwa ili wasitambulike. Nyingi hazikufika mbali. Kila penye bibi wa kweli ndani ya nyumba, siku moja tu bangili ikileta maneno yake, bibi alidakia kwa ukali, "Hebu toa huo mdudu mkononi," na mchezo ukaishia hapo. Wengine waligombana na waume zao kuhusu bangili. Namba kumi na saba peke yake hakuwa na mtu.

"Basi huyo ndiye kesi yetu," Kihwelo alisema. "Imebaki wiki moja na kidogo. Asiguswe na mtu."

Alipoondoka, Sekela alirudisha hedifoni masikioni na kuendelea pale alipoachia. Mtoto alinyamaza. Mwanamke akashusha pumzi, akasema taratibu, kwa Kinyakyusa kilichochanganyika na Kiswahili, maneno ambayo mama yake Sekela alikuwa akiwaambia wanawe wote walipokuwa wadogo kule Tukuyu. Kisha akamwita mtoto kwa jina, Lugano.

Sekela alisimamisha rekodi. Dada yake mkubwa, Tusajigwe, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume mwezi uliopita, ng'ambo ya pili ya mji huo huo, na mama yao hakuweza kuja kumlea kwa sababu alikuwa amevunjika nyonga. Mtoto walimwita Lugano.

*

Utaratibu wa Baraza ulikuwa wazi. Mkaguzi anayemtambua mtu kwenye rekodi hujitoa kwenye kesi siku hiyo hiyo. Sekela hakujitoa. Alijiambia kwamba akijitoa, faili litapewa mtu asiyejua kitu, na maneno hayo yalimtosha mpaka Jumatano, aliponunua kuku na ndizi na kwenda kumwona dada yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Leo umeikumbuka nyumba?" Tusa alicheka, lakini macho yalikuwa yamezama. Alikuwa amekaa kitandani na kanga mabegani. Mumewe, Gwakisa, ni fundi wa reli, na alikuwa safarini Kigoma. "Msalimie na Bibi basi."

"Bibi yupi?"

Tusa aliinua mkono wenye bangili.

"Shikamoo," Sekela alisema. Neno lilimtoka kabla hajafikiri, kama linavyomtoka mtu yeyote aliyelelewa kwao.

"Marahaba, mwanangu," bangili ilijibu kwa furaha. "Karibu. Tusa amekuzungumzia sana."

Sekela akakaa. Aliyajua haya kwa kuyasoma. Kiambaza walikuwa wamejaribu bangili ya aina mbili. Ya kwanza ilizungumza kama shoga wa rika moja, na wanawake waliibishia, waliicheka, wengine waliitukana. Ya pili ilizungumza kama mtu mzima, ikawaita mwanangu, ikapokea shikamoo yao kila asubuhi. Hiyo hakuna aliyeibishia. Mtu uliyemwamkia huwezi kumwambia usoni kwamba anasema uongo, hata kama ni plastiki. Sekela aliisoma ripoti hiyo mwaka jana akiwa ofisini, na aliona ni ujanja wa kuvutia. Sasa alitamani kuitapika.

"Hebu nimwone baba."

Alimpokea Lugano na kumfunua. Mikono ilikuwa myembamba. Utosi ulikuwa umebonyea kidogo, na ngozi ya tumbo, alipoifinya taratibu, ilichelewa kurudi. Kitandani palikuwa na nepi zilizolowa maji ya kijani. Juu ya kabati makopo ya bluu yalikuwa yamepangwa vizuri sana, kama sahani za wageni.

"Anaharisha?"

"Tangu wiki iliyopita. Nadhani ni hali ya hewa."

"Na mbona unampa kopo, dada?"

Tusa aliangalia pembeni. "Maziwa yangu mepesi."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimejionea mwenyewe." Alisema kwa aibu, kama mtu anayetaja ugonjwa wa siri. "Ananyonya, analia. Ananyonya, analia. Mwanamke gani anashindwa kumshibisha mtoto mmoja, Sekela? Mama alitunyonyesha sita."

Hapo Sekela alitaka kupiga kelele. Wale watu hawakumwambia dada yake kitu chochote. Walimkalia mkononi wakisubiri achoke, wakamuuliza maswali madogo ya huruma, mpaka uongo ukazaliwa kichwani mwake mwenyewe akauita macho yake. Utaiandikia sheria gani hiyo?

"Labda ungemweka ziwani mara nyingi zaidi," alijaribu. "Ukimpa kopo ndiyo yanazidi kupungua. Yale yanakuja kwa kunyonywa."

"Wewe umezaa lini?"

"Sijazaa, dada, lakini..."

"Basi."

"Usimkaripie mdogo wako, mwanangu," bangili iliingilia kwa upole. "Ana nia njema tu."

Tusa aliinama. "Nisamehe, Bibi. Nimechoka tu."

Sekela alikuwa na sentensi mdomoni. Ingetosha sekunde chache kuisema: vua hiyo, inakudanganya. Dada yake angeivua, rekodi ingekatika, Kiambaza, wanaosikia kila neno, wangejua ndani ya saa moja kwamba Baraza linawachunguza, na bangili zote nchini zingegeuka malaika hadi kesi ipite, kama zilivyofanya mara mbili zilizotangulia. Aliifikiria wodi, na wanawake wanaovalishwa kitu kile wakiwa bado na damu. Alikunywa chai aliyopewa. Akamchemsha kuku, akasisitiza mtoto apelekwe hospitali, Tusa akasema wangemsubiri Gwakisa, Sekela akakubali hilo pia. Alipofika barabarani alijichukia kiasi kwamba alikipita kituo cha basi na kutembea.

*

"Namba kumi na saba ni dada yangu," alimwambia Kihwelo kesho yake. "Na mtoto anaisha."

Mzee alifunga mlango. Akageuzageuza kikombe.

"Sijasikia ulichosema," alisema hatimaye. "Na ukirudia, itanibidi nisikie, nikuondoe kwenye kesi na niitupe rekodi. Unataka hivyo?"

"Nataka tuende mahakamani leo na hiki tulicho nacho."

"Tukashindwe mara ya tatu? Watasema tumekata maneno ya bibi mwenye huruma tukayapaka rangi nyekundu."

"Basi sheria ni mbovu! Tunawalazimisha waseme 'mimi ni tangazo' halafu tunakaa kama mabubu mbele ya kitu kisichosema chochote. Pigeni marufuku mashine yoyote kuzungumza na mzazi. Yoyote. Mnashindwa nini?"

"Na yule aliyeambiwa na bangili kwamba mtoto ana homa kali, akakimbia hospitali, mtoto akapona? Wapo, Sekela. Wapo wengi, na watakuja na watoto wao mgongoni kutuzomea." Alisugua macho. "Unataka tukataze kumtia mtu shaka? Daktari anatia shaka. Mchungaji anatia shaka. Mimi mwenyewe nakutia shaka sasa hivi."

"Wewe hulipwi nikikubali."

"Ndiyo. Hicho ndicho ninachotaka kiandikwe kwenye hukumu. Atakayefaidika na shaka yako akatazwe kuipanda, awe amejitaja au hakujitaja. Nikipata hukumu hiyo, bangili, bango, simu, vyote vinaingia wavuni. Siwezi kuipata bila arobaini nzima ya mwanamke mmoja." Sauti yake ilishuka zaidi. "Mtoto apelekwe hospitali. Hilo fanya. Lakini bangili ibaki."

Sekela alirudi mezani kwake na hasira isiyo na mtu wa kubebeshwa. Mbaya zaidi, mzee alikuwa na hoja. Angekuwa namba nyingine yoyote, yeye mwenyewe angeisema hoja hiyo hiyo, na angeisema kwa sauti kubwa zaidi, huku akila karanga.

Ijumaa asubuhi rekodi ya jana ilikuwa inamsubiri. Alisogeza mpaka jioni.

"Bibi," sauti ya Tusa ilisema, "Sekela anasema nimnyonyeshe zaidi. Nijaribu?"

"Jaribu, mwanangu. Ni vizuri kujaribu." Bangili ikatulia kidogo. Mtoto akalalamika kwa kilio kisicho na nguvu. "Ila leo na apate usingizi kwanza, maskini. Amekonda."

Kisha ukasikika mfuniko wa kopo ukifunguliwa.

Sekela alitazama ukutani ili aone Chujio imeipaka rangi gani sentensi hiyo ya mwisho. Ilikuwa kijani. Programu waliyoitengeneza kwa jasho, kwa fedha za walipa kodi, ilikuwa imesikiliza ikaamua kwamba huo ni msaada. Alichukua mkoba wake akatoka, na alipopita mlangoni kwa Kihwelo hakuchungulia ndani.

*

Hakuamkia mtu safari hii. Aliingia chumbani, akasimama mbele ya kitanda.

"Dada, vua hiyo bangili. Inakudanganya. Maziwa yako hayana kasoro yoyote, hayajawahi kuwa na kasoro. Imewekwa hapo ikuvunje moyo ili ununue makopo."

Tusa alimtazama kama anayemtazama mlevi. Akainua mkono karibu na uso.

"Bibi, ni kweli?"

"Mwanangu," bangili ilisema kwa upole ule ule, "mdogo wako anakupenda. Msikilize. Kama unaona kunivua kutakupa amani, nivue. Mimi nilitaka mtoto ashibe tu."

Tusa alianza kulia. "Unaona? Unaona alivyo? Hata hakujitetea. Wewe unakuja hapa huna hata salamu, unamtukana mtu aliyekaa na mimi usiku wote ambao ninyi hamkuja."

"Si mtu, dada! Jana jioni ulimuuliza kama ujaribu kumnyonyesha, akakwambia jaribu, halafu akakwambia amekonda, apate usingizi kwanza. Ukafungua kopo. Hukuona alichokufanya? Amekuruhusu kwa neno moja na kukukataza kwa linalofuata!"

Machozi ya Tusa yalisimama. Alikuwa akiyarudia maneno hayo kichwani, midomo ikicheza, na Sekela aliona jinsi jambo lilivyomfikia. Polepole Tusa aliingiza kidole chini ya bangili, akaivuta mpaka ikatoka, akaitupa nje ya dirisha. Mkononi ilibaki alama nyeupe.

Sekela alipumua. Kesi ilikuwa imekufa na yeye alihisi mwepesi, kwa muda mfupi sana.

"Jana jioni nilikuwa peke yangu humu," Tusa alisema. "Umejuaje alichoniambia?"

"Baraza lina kibali cha mahakama. Tunachukua rekodi."

"Tangu lini unanisikiliza?"

"Nilikutambua Jumatatu."

"Jumatano ulikuja hapa."

"Ndiyo, dada."

"Ulimpakata. Ulimfinya tumbo, nilikuona. Ukaona utosi wake." Hakupandisha sauti. "Ukanywa chai ukaondoka."

"Tulihitaji ushahidi wa arobaini nzima. Ungeivua, wangeshinda, na wazazi wote wanaokuja baada yako..."

"Yule alikuwa ananisikiliza ili aniuzie maziwa," Tusa alisema. "Wewe ulikuwa unaniuza kwa nani?"

Sekela alikuwa na majibu. Majaji, taifa, wanawake wasiojulikana wa wodi zisizojulikana. Yote yalikuwa ya kweli. Alitoa simu akaita teksi.

Tusa alimfunga Lugano kwenye kanga na kusimama, akiyumba kidogo. Alikataa kushikwa mkono. Kwenye gari alikaa nyuma, akamweka mtoto ziwani, na njia nzima hakutazama mbele alikokuwa mdogo wake. Mtoto alinyonya, akaacha, akarudi kunyonya. Sekela aliisikia ile sauti ndogo ya kumeza, akaona aibu kwamba hata hiyo anaisikiliza.

Hospitalini muuguzi wa zamu alikuja mbio alipoona hali ya mtoto. Alimpokea, akamlaza kwenye mzani, akaita mwenzake alete dripu, kisha akawageukia wanawake wawili waliosimama mlangoni.

"Mama mtoto ni wewe? Nani amekusindikiza? Tunahitaji ndugu wa kubaki na ninyi."

Sekela alipiga hatua mbele.

"Sina," Tusa alimwambia muuguzi. "Nimekuja peke yangu."